Mama Wawili, Chumba Kimoja

Mkasi!

Ndiyo, msomaji wangu, mkasi ule ule uliokunyima raha wiki nzima. Mlinzi wa meli kauchomoa kwenye mkoba wa Mama Suti, kauinua juu, mrefu, mpini mweusi, umenolewa unang'aa, na foleni yote ya mawakala wa safari imerudi nyuma.

"Mama, hii nini?"

"Kwani huoni? Mkasi."

"Naona ni mkasi. Nauliza, unaingia nao melini kufanya nini?"

"Na wewe hiyo redio ya begani unatembea nayo kufanya nini? Si kazi yako? Basi na mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Nashona suti."

Nanga alifumba macho. Alitamani gati lipasuke limmeze. Nyuma yake alisikia mtu akiguna, wala hakuhitaji kugeuka kujua ni nani. Lilikuwa guno la Metroni, mama mkwe wake mtarajiwa, na maana yake ilikuwa moja tu: mnamwona huyu mnayeniambia nikaishi naye?

Wewe uliyedandia leo, sogea nikupe mawili matatu, halafu tusirudi nyuma tena maana mhariri ananibana nafasi.

Nanga ni wakala wa safari. Jina hilo kabandikwa ofisini, kwa sababu anauza safari za meli za kifahari kutwa kucha na yeye mwenyewe hajawahi kusafiri hata na moja. Katia nanga mezani. Mchumba wake ni fundi wa lifti, mtoto wa pekee wa mama mjane. Nanga naye ni mtoto wa pekee wa mama mjane. Yule hawezi kumwacha mama yake peke yake, na huyu hawezi kumwacha wake. Wakakaa, wakafikiri, wakaona dawa ni moja: nyumba moja, wote wanne.

Mama yake Nanga, Mama Suti, akakubali kwa shingo upande. Mama yake fundi, metroni mstaafu wa hospitali, akaweka sharti.

"Kwanza nisafiri naye," alisema. "Chumba kimoja, vitanda viwili, mahali ambapo hakuna pa kukimbilia. Tukirudi bado tunasalimiana, nyumba ipo na harusi ipo. Tukishindwana, hakuna nyumba wala hakuna harusi."

Nanga alicheka siku ile. Safari ya meli! Si ndiyo kazi yake? Alidhani kapewa mtihani na majibu yake pamoja.

Maskini. Hata meli yenyewe wameshindwa kuichagua.

Ya kwanza waliyoikagua ilikuwa ile ambayo Nanga na wenzake ofisini wanaiita Ya Tai. Huko bila koti na tai huingii kula. Kila chumba kina mtumishi wake mwenye glavu nyeupe. Mama Suti alipoona wanaume wote ukumbini wamevaa makoti yaliyokaa sawasawa begani, machozi yalimlengalenga. Metroni yeye alivutiwa kiti, akakunjuliwa kitambaa mapajani, kisha mhudumu akamwinamia.

"Baba," Metroni akamwuliza, "mgongo unakuuma?"

Halafu akauliza bei. Akaambiwa bei ya chumba, kisha akaambiwa kwamba maji ya kunywa yanalipiwa mbali, kufuliwa nguo ni mbali, na hata ile chai aliyokuwa ameishika ni mbali. Aliiweka chini. Meli ya kwanza ikafa hapo.

Ya pili ni Ya Kandambili. Hiyo ukishalipa umelipa, kila kitu kimo ndani ya bei, unakula unapotaka, na hakuna anayekuuliza umevaa nini. Metroni alitamani ahamie siku ile ile. Lakini Mama Suti alimwona mwanamume mzima kaja mezani na kaptula, magoti yote nje, akaweka kijiko chini na hakukishika tena mpaka walipoondoka. Meli ya pili nayo ikafa.

Kwa hiyo leo ni ya tatu na ya mwisho, Ya Katikati. Imetia nanga bandarini, na kwa kawaida ya kazi hii kampuni imewaita mawakala wapande, waone vyumba, wale chakula cha mchana, kisha washuke kabla haijang'oa nanga. Nanga kawaandikisha mama wawili kama wasaidizi wake. Na kabla hata hawajavuka ngazi, mmoja keshakamatwa na silaha.

"Mkasi unabaki hapa," mlinzi akasema. Akaufunga kikaratasi chenye namba, akautia kwenye droo. "Ukishuka unauchukua."

"Sikiliza, baba," Mama Suti akamwambia kwa sauti ya chini. "Huo mkasi niliolewa nikiwa nao. Nimemzika mume wangu nikiwa nao. Ukipotea, hii meli haiondoki."

"Hautapotea, mama."

"Nasema hivi, mimi siondoki mahali bila huo mkasi. Muulize huyu mwanangu."

"Mama, tunangojwa," Nanga alisema.

Mlinzi akawapa kadi tatu za wageni, za kuning'iniza shingoni. Sasa tazama vituko. Mama Suti kaitazama yake, kasema inaharibu shingo ya gauni. Metroni kaishika kamba yake kwa vidole viwili, kauliza imeshavaliwa na watu wangapi, na nani aliyeifua. Nanga, maji yakiwa yameshamfika shingoni na saa sita haijagonga, akazichukua zote tatu, akazivaa yeye.

Ukumbini walipokewa na sakafu inayong'aa na muziki wa chini. Mbele yao ikafunguka lifti, ya vioo na pembe za dhahabu. Mama Suti akaingia. Metroni akabaki nje.

"Ingia, mwenzangu."

"Nitapanda ngazi."

"Ngazi! Meli yenye lifti ya vioo, unapanda ngazi?"

"Sikia inavyolia. Mwanangu angeisikia hii lifti angeifunga leo leo."

"Sema unaogopa."

"Mimi?" Metroni akatoa kicheko kikavu. "Nimekaa wodini na watu wanaokata roho, nitaogopa kabati?"

Na akapanda ngazi. Nanga akapanda naye, viatu vya visigino vikimbana, akijiuliza kwa nini hakusomea uuguzi, au ushonaji, au kitu chochote ambacho kisingemfikisha hapa.

Mezani hali haikuwa nafuu.

"Hapa tai ni hiari," Nanga alieleza, akijitahidi kuchangamka kama anavyochangamka mbele ya wateja. "Anayetaka kupendeza anapendeza, asiyetaka anavaa apendavyo. Na kila kitu kimo ndani ya bei. Mnaona? Kila mmoja kapata chake."

"Hiari?" Mama Suti akasema. "Kwa hiyo mimi nikivaa gauni la jioni nitakaa karibu na magoti ya mtu?"

"Kimo ndani ya bei?" Metroni naye akasema. "Maji? Kufua? Mpaka kahawa? Basi bei wameitia chumvi mahali, hakuna anayetoa bure."

"Mama, nyote wawili, si mlisema..."

"Mimi sikusema hiari."

"Mimi sikusema bure."

Wamekataa kwa pamoja, msomaji, lakini kila mmoja kwa sababu yake, na hilo kwa Nanga lilikuwa baya kuliko kugombana. Akakata kipande cha samaki. Akakirudisha sahanini. Alimfikiria Fundi Lifti, jinsi alivyompigia asubuhi na kumwambia, "Leo watakubali, nakwambia, leo watakubali," kwa ile sauti yake ya mtu ambaye hata lifti iliyokufa anaiambia itapona.

Wakaenda kuona chumba.

Na kweli, kilikuwa chumba. Vitanda viwili, zulia, dirisha pana la bahari, na kibaraza chenye viti viwili vinavyotazamana. Mhudumu wa chumba alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole, koti jeupe. Aliwakaribisha, akawaonyesha kabati, akawaonyesha bafu, na ndani ya bafu kikopo kidogo cha sindano na uzi ambacho wageni huwekewa wakipata dharura ya kifungo.

"Mimi niko hapa kwa ajili yenu," alisema. "Chochote mnachotaka, nyinyi kaeni tu. Msiguse kitu."

Kuwaambia hawa wawili wasiguse kitu!

Nanga alitoka kibarazani kupiga picha moja tu ya dirisha. Aliporudi alikuta hivi: Metroni kavua viatu, kachomoa shuka zote za kitanda cha kwanza, anazitandika upya, anakunja pembe na kuzibana chini ya godoro mpaka kitanda kimekaza. Na Mama Suti kamvua mhudumu koti. Mhudumu kasimama katikati ya chumba na shati lake, mikono kifuani, hajui atazame wapi. Mama Suti kakaa kwenye kiti, koti mapajani, kafumua mkono wa kulia na anaushona upya.

"Mama! Unafanya nini?"

"Mkono ulikuwa umeingizwa kinyume. Mtu anawezaje kubeba sinia na mkono umeingizwa kinyume? Si ndiyo maana bega linamshuka?"

"Ni kweli bega linaniuma," mhudumu akasema polepole.

"Msikie."

"Unamfedhehesha mtu kazini kwake," Metroni akasema bila kuacha kutandika.

"Nani anayemfedhehesha? Wewe uliyekitandua kitanda chake mbele ya macho yake?"

"Pembe zilikuwa zimelegea."

"Na mkono ulikuwa kinyume!"

Mama Suti alifika mwisho wa mshono. Akanyoosha mkono mkobani kutafuta mkasi, akakumbuka hana, basi akaupeleka uzi mdomoni na kuukata kwa meno.

Metroni akapiga kelele kama aliyeona nyoka. "Kwa meno! Koti la mtu anayegawa chakula, unalitia mate!"

"Ningekuwa na mkasi wangu nisingetia!"

"Hivi ndivyo utakavyoishi? Jikoni kwangu utafungua mifuko kwa meno?"

"Jikoni kwako? Nani kasema ni kwako? Na mimi nitalala nyumba moja na mtu atakayekuja kunibana na shuka kama maiti?"

"Bora shuka, kuliko kusikiliza cherehani inalia usiku kucha! Mwanangu kaniambia. Anasema ukienda kwao saa yoyote, krrr, krrr, krrr."

"Na wangu kaniambia wewe kwako taa hazizimwi! Usiku wa manane nyumba inawaka kama duka!"

Hapo wote wawili wakageuka kumtazama Nanga, ambaye kumbe ndiye aliyepeleka habari za taa, kama vile Fundi Lifti alivyopeleka za cherehani. Wapenzi wawili wakicheka na mambo ya mama zao, hawakujua siku moja watayalipia.

Kitu kikakatika ndani ya Nanga. Miezi yote ya kutabasamu, ya kusema ndiyo mama, sawa mama, nimekuelewa mama, ilimpanda kooni kwa mpigo.

"Nimechoka!" alipiga kelele. "Nimechoka nanyi! Ya kwanza mmoja kakataa, ya pili mwingine kakataa, ya tatu mmekataa wote! Mtu kaja kuwahudumia mmemvua nguo! Nyinyi hamtaki kuhudumiwa, hamtaki meli, mnataka nini? Semeni tu mnataka nisiolewe!"

Mhudumu alirudi nyuma hatua moja.

Metroni akavaa viatu vyake, kimoja, halafu kingine. Akachukua simu.

"Umenipigia kelele," alisema. "Hata harusi haijafika."

"Mama, nisamehe, sikuwa..."

"Mwanangu?" Metroni alikuwa anaongea na simu tayari. "Acha hiyo kazi uje bandarini unichukue. Huyu binti kanipigia kelele mbele za watu na mama yake kataka kunila. Nyumba hiyo sahau. Utachagua, mwanangu. Mimi au wao. Uchague leo."

Akakata simu. Akatoka. Mlango ukafungwa polepole, maana kwenye meli hizi hata ukiubamiza hautoi kishindo.

"Umeona?" Mama Suti akasema, akimrudishia mhudumu koti lake. "Umeona mtu?" Naye akatoka. Sauti yake ikasikika ukumbini ikimfuata mwenzake: "Simama hapo! Simama tuelewane!"

Nanga alikaa kwenye kile kitanda kilichokazwa, akalia. Mhudumu akavaa koti, akanyanyua mkono wa kulia, akauzungusha.

"Dada," alisema kwa mshangao, "kweli bega haliumi."

Ikafika saa ya wageni kushuka. Tangazo likasikika. Nanga akajifuta uso, akakimbia. Ukumbini hakuwaona. Mgahawani hakuwaona. Lifti haikuja alipoiita, akashuka kwa ngazi, viatu mkononi. Sasa, unamjua Metroni: mtu aliyesema anataka kuchukuliwa hawezi kubaki ndani. Na unamjua Mama Suti: hawezi kuachia neno la mwisho likaenda na mtu mwingine. Watakuwa wameshashuka wote wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wanatukanana gatini.

Hivyo ndivyo Nanga alivyowaza. Mlangoni mawakala walikuwa wamebanana wakisukumana, mlinzi akipokea kadi harakaharaka, akizipitisha kwenye mashine, ti, ti, ti, mtu katoka, mtu katoka. Kawaida ya kazi yao ni kwamba wakala akija na kundi anakusanya kadi za kundi lake na kuzitoa pamoja, basi mlinzi haulizi sura, anahesabu kadi. Nanga akazivua shingoni zote tatu, akampa.

Ti. Ti. Ti.

Akatoka mbio.

Gatini hawakuwapo. Akaenda kwenye teksi, hawakuwapo. Akaenda chooni, akagonga kila mlango, akatukanwa na mwanamke mmoja. Akapiga simu ya mama yake, haipatikani. Akapiga ya Metroni, haipatikani. Akapiga ya Fundi Lifti, imezimwa.

Imezimwa! Mtu ambaye simu yake haizimwi, maana wakati wowote kuna mtu kakwama mahali!

Nyuma yake ngazi ya meli ilikuwa imeshapandishwa. Mfanyakazi wa gati mwenye kofia ya chuma alikuja akitembea bila haraka, kashika kitu kirefu mkononi.

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa na wale mama? Mlinzi wa melini kaniachia huu kabla hawajapandisha ngazi. Anasema yule mama mshona suti kausahau."

Akampa mkasi.

Nanga aliutazama ule mpini mweusi, ulivyolika pale panapokaa kidole gumba. Mama yake anaweza kusahau kula. Anaweza kumsahau Nanga shuleni, na aliwahi. Huo mkasi hausahau. Kama mkasi haukuchukuliwa, basi mwenye mkasi hakupita mlangoni.

"Mama yangu yuko ndani!" alipiga kelele. "Simamisheni meli! Mama yangu yuko ndani!"

"Haiwezekani, dada. Wageni wote wametoka, kadi zimehesabiwa."

"Kadi zilikuwa shingoni kwangu! Zote tatu! Nimezitoa mimi!"

Mfanyakazi wa gati alimtazama, akaitazama meli. Kamba ya mwisho ilikuwa imeshafunguliwa, na kati ya ubavu wa meli na gati maji yalikuwa yanaongezeka. Akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Hiyo sasa," alisema, "ni ya nahodha."

Simu ikalia mkononi mwa Nanga. Mama.

"Mama! Uko wapi?"

"Usinipigie kelele, nina mgonjwa hapa."

"Mgonjwa gani?"

"Mwenzangu. Sasa hajambo, anakunywa chai. Tulikwama kwenye ile lifti yao ya dhahabu. Nilimwambia kama si mwoga aingie, akaingia kwa kiburi, tukasimama katikati, juu hatuendi, chini hatuendi. Simu hazishiki. Tumegonga mpaka mikono imeuma. Walipotutoa meli inang'oa nanga, na wanashangaa sisi ni nani, maana kwenye mashine yao tumeshashuka."

"Mama, sikiliza, mwambie nahodha..."

"Nahodha keshakuja. Mtu wa heshima, koti limemkaa. Anasema tutashuka bandari ya mbele kesho, ametupa kile chumba chetu. Wewe nisikilize mimi." Sauti ya Mama Suti ikashuka. "Kumbe mwenzangu anaogopa kufungiwa. Mtu mzima, kauguza watu maisha yake yote, mlango umefungwa akaanza kutetemeka kama mtoto mwenye homa. Nikamshika mkono. Nikamwambia tuhesabu vifungo vya gauni langu. Tukahesabu, tukarudia. Akaniambia tangu mumewe afariki hawezi kulala gizani. Ndizo hizo taa. Na mimi nikamwambia cherehani siilizi usiku kwa sababu ya wateja. Wateja gani usiku ule? Nyumba ikinyamaza namsikia baba yako."

Nanga aliinua macho. Juu, kwenye kibaraza kimoja cha meli inayosogea, aliwaona watu wawili wadogo wamesimama pamoja. Mmoja alikuwa amejifunga mtandio wa mwingine mabegani.

"Tumekubaliana, mwanangu."

"Meli?"

"Meli gani tena na tumo ndani yake? Nyumba! Taa zitawaka na cherehani italia, kila mtu na dawa yake. Nyinyi oaneni hata kesho kutwa, mkituchelewesha tutahamia wenyewe."

Kwa nyuma Metroni alisikika akisema, "Mwambie nimemsamehe! Na mwambie shuka zimebanwa vizuri!"

"Umesikia? Ila anasema alimpigia mwanawe maneno ya hasira, na sasa anampigia hampati. Mtafute umwambie yale yamefutika."

Nanga alicheka. Alicheka na machozi yakamwagika, akiwa amesimama peku gatini, mkasi mkono mmoja, simu mkono mwingine. Miezi yote ile! Brosha zote zile, tai na kandambili, na kilichokuwa kinatakiwa ni lifti mbovu!

"Nanga."

Akageuka. Fundi Lifti alikuwa nyuma yake, nguo za kazi, grisi mpaka kwenye viwiko, mkanda wa spana kiunoni. Macho yalikuwa mekundu.

"Mpenzi! Nilikuwa nakutafuta, sikiliza..."

"Ngoja nimalize mimi kwanza. Nikinyamaza sitaweza tena." Alikuwa anahema. "Mama alinipigia. Amesema nichague. Nimezima simu ili mtu asinibembeleze. Nimezunguka mji mzima nafikiri." Akavua pete ya uchumba kidoleni. Ilikataa kutoka kwa sababu ya grisi, akaivuta, ikatoka. "Wewe ni kijana, utapata mtu. Yeye hana mwingine. Nimemchagua mama, Nanga. Nisamehe."

Akaiweka pete kwenye kiganja cha Nanga, juu ya mkasi.

Meli ikapiga honi. Nanga alisubiri imalize. Hakuwa na haraka tena ya kusema chochote.

"Yuko wapi?" Fundi Lifti akauliza, akiangaza gatini. "Nimpeleke nyumbani."

Nanga akauinua mkasi, akamwonyesha baharini.

Alitazama. Alikunja uso, akakinga jua kwa mkono, akatazama tena. "Ni wao wale?" alisema. "Mbona wameshikana mikono?"

"Mwanangu?" simu ilikuwa bado inaongea. "Mbona kimya? Kama bwana harusi amefika hapo mpe simu, mwenzangu anaitaka."

Nanga akamnyooshea.

"Nani huyo?"

"Mama yako," alisema. "Anataka kukupa hongera."